Prosesa Aliyoichagua Tunu

Kila asubuhi Tunu alifagia uwanja wa shangazi yake, akanywa uji, kisha akaenda shule peke yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa amehamia Tabora mjini kutoka kijiji cha Goweko. Wiki ya kwanza aliuliza swali darasani, wenzake wakaicheka lafudhi yake ya Kinyamwezi. Tangu hapo hakuuliza tena. Wakati wa mapumziko alikaa barazani akisikiliza wengine wakicheza.

Jumatano, katika klabu ya kompyuta, Mwalimu Mwanahawa alimpa kazi. Michoro na hadithi zote za klabu zilikuwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Mashine hiyo ilikuwa imehamishiwa kwenye kompyuta nyingine, hivyo mipangilio yake ilihitaji kurekebishwa kabla wazazi hawajaja mchana kuona kazi za watoto.

"Chagua modeli ya prosesa inayolingana na kompyuta hii. Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu," Tunu alijibu. Hakuwa ameelewa. Mwalimu alipotoka, Tunu alichagua modeli mpya kuliko zote.

Mashine pepe ilikataa kuwaka.

"Hadithi yangu jamani!" alilalamika Nasri, mwanafunzi mwenzake. Wanaklabu wote wakatoka wakinung'unika. Tunu alibaki na kioo cheusi chenye mstari mmoja wa onyo. Alitamani kurudi Goweko siku ileile, hata kwa miguu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwalimu aliporudi, Tunu alisimama. "Mwalimu, nilikudanganya. Sikuelewa."

Mwalimu Mwanahawa akavuta kiti. "Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Mashine pepe haina ubongo wake, inatumia wa kompyuta hii. Na hii yetu ni ya zamani. Ukiandika modeli mpya, mashine itadai kazi ambazo ubongo huu hauziwezi."

"Kwa hiyo niandike ile iliyopo kweli?"

"Ehee, hiyohiyo."

Tunu akabadili, akahifadhi, akawasha. Michoro ikajitokeza kiooni. Nasri, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaingia mbio.

"Umefanyaje? Hata mimi sikuelewa habari ya modeli. Niliogopa kuuliza, watu wasije wakanicheka."

Tunu alimtazama kwa mshangao, kisha akasogea kwenye benchi ampishe.

"Mmesikia wenyewe," mwalimu alisema. "Wanaomcheka anayeuliza, mara nyingi nao hawajui. Kusema 'sijaelewa' si aibu, wanangu. Semeni mapema, kabla kazi haijaharibika."