Hadithi Kumi na Moja za Mama

Kila siku akitoka shule, Injinia alifua soksi zake, akapangusa vumbi kwenye kompyuta ya sebuleni, kisha akamkalisha Kitinda kwenye kigoda mbele ya spika. Injinia lilikuwa jina la utani. Majirani walimpa kwa sababu kila simu iliyogoma mtaani iliishia mikononi mwake, na tuseme kweli, jina lenyewe lilikuwa limeanza kumvimbisha kichwa. Kitinda alikuwa mdogo wake wa miaka mitano, kitinda mimba wa nyumba ile.

"Leo ya mbuzi aliyevaa kofia," Kitinda aliagiza.

"Si umeisikia jana?"

"Ya mbuzi!"

Injinia alibonyeza, na sauti ya mama yao ikajaa chumbani. Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka miwili. Akiwa amelazwa hospitalini, alijirekodi akisimulia hadithi kumi na moja, ili mtoto ambaye hataikumbuka sura yake angalau aijue sauti yake.

Jumamosi moja asubuhi, skrini ilitangaza kwamba toleo jipya la mfumo wa kompyuta limetoka. Mikono ilimwasha Injinia. Baba yao, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anafunga buti aende kazini.

"Weka tu," alisema. "Lakini kwanza nakili sauti za mama kwenye flashi."

"Nimeshanakili, baba."

Hakuwa amenakili. Flashi ilikuwa imejaa nyimbo zake, na hakutaka kufuta hata mmoja.

Kazi ilifika asilimia sitini, ikagoma. Akazima, akawasha, akaanza tena. Ikafika sitini, ikagoma. Skrini ilikuwa na maelezo marefu kuhusu nafasi, lakini Injinia mzima asome maelezo? Akabonyeza palipoandikwa "Futa vyote, anza upya." Safari hii ilikwenda moja kwa moja hadi mia.

Kompyuta ikawaka, nyepesi na safi. Folda ya mama haikuwepo.

Akadhani labda akirudia kazi yote, folda itarudi. Akarudia mara ya pili, akarudia mara ya tatu. Haikurudi.

"Spika zimeharibika," alimwambia Kitinda jioni ile. Kesho yake akasema hivyo hivyo.

Siku ya tatu alimkuta Kitinda amebandika sikio kwenye spika, na kompyuta imezimwa.

"Usipige kelele, dada," Kitinda alinong'ona. "Mama anaongea polepole."

Injinia aliangua kilio. Baba aliporudi, alimweleza yote, hata habari ya nyimbo. Baba hakufoka. Alikaa na buti zake miguuni, macho ukutani, mpaka Injinia akatamani agombezwe.

"Nilikuambia," baba alisema mwishowe.

Asubuhi waliipeleka kompyuta kwa fundi, mwanamke mwenye miwani aliyepanga skrubu zake kwenye vifuniko vya chupa.

"Iligoma kwa sababu diski ilijaa," fundi alisema. "Ungesoma maelezo, ungeondoa takataka kidogo tu. Na baada ya kufuta, uliifanyia nini tena?"

"Nilirudia mara mbili," Injinia alijibu kwa sauti ndogo.

Fundi alivua miwani. "Binti, kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo. Hubaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Ungezima na kusema siku ile ile, huenda ningezipata nyingi. Kila uliporudia, uliziandikia juu."

Baada ya siku mbili fundi aliwaita. Alikuwa ameokoa hadithi mbili: moja kamili, na ile ya mbuzi, nusu. Nyingine tisa zilikuwa zimepotea kabisa.

Nyumbani, Injinia alifuta nyimbo zake zote, akanakili hadithi zile. Baba alinunua flashi nyingine, wakaweka nakala ya pili kabatini.

"Mwanangu," baba alisema, "hakuna fundi asiyeharibu kazi. Mimi nimeshaunguza milango ya watu. Lakini ukiharibu, acha kugusa, useme siku hiyo hiyo. Kosa lako la kwanza lilikuwa na dawa. Kurudiarudia na kuficha ndiko kulikotunyang'anya mama."

Injinia aliinamisha kichwa.

Jioni Kitinda alikaa kwenye kigoda chake. Mbuzi alivaa kofia, akafika mtoni, na hapo sauti ya mama ikakatika.

"Malizia wewe," Kitinda alisema.

Injinia aliijua hadithi yote kwa moyo. Akasimulia jinsi upepo ulivyoichukua kofia ikamwangukia chura, na chura akadhani usiku umeingia.

"Hapo mama alikuwa anacheka," Kitinda alisema. "Wewe hukucheka."

Injinia alijaribu kucheka, akashindwa.