Shemeji, Amelala

"Nani huyu Dada Mkubwa anayekupigia kila Jumamosi saa nne?"

Chiriku alijifuta damu. Mdomo ulikuwa umevimba, na mchumba wake, fundi friji, alikuwa ameketi kwenye stuli mgongo mlangoni, funguo mfukoni. Simu ya Chiriku ilikuwa mkononi mwa fundi, inaita.

"Nakuuliza wewe!"

"Rafiki tu. Wa kule nilikokuwa nafanya kazi."

"Kazi? Kuuza mwili siku hizi nako ni kazi? Mimi nimekutoa kule, wewe bado unawakumbatia!"

Kumtoa ni kweli alimtoa. Na Chiriku alimpenda, jamani, tusimwonee; alimpenda hadi akawaacha wenzake watano na chumba chake. Kofi la kwanza alilisamehe, la pili akalitafutia sababu. Leo asubuhi kosa lake lilikuwa kusema anaondoka.

"Ngoja nimkomeshe," jamaa akasema, akapokea. Sauti ikageuka asali. "Haloo, shemeji! Amelala bwana, kichwa kinamsumbua. Akiamka nitamwambia."

Akakata, akatabasamu kama mtu aliyefunga goli.

Chiriku akainamisha uso asisomwe. Maskini fundi, hakujua. Wale wanawake walikuwa na sheria yao, tangu mwenzao mmoja afungiwe na mteja siku mbili: kila mtu anapigiwa kwa saa yake, na simu anapokea mwenyewe. Akipokea mwingine, hata awe na sauti ya malaika, hakuna kuuliza. Watu wanakwenda.

Tena alipochumbiwa aliwaomba waache kumpigia, yeye sasa ni mke wa mtu.

"Mume si chanjo, mdogo wangu," Dada Mkubwa alimjibu. "Nitapiga tu."

Siku ile Chiriku alinuna. Leo masikio yote yalikuwa barazani.

Haikupita robo saa, mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mashemeji zako! Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Si nimesema amelala!"

"Basi tutamtazama akilala. Hatuna haraka, tuko na mama mwenye nyumba na funguo zake za akiba."

"Fungua, baba," mama mwenye nyumba akasema. "Majirani wote wako nje."

Jamaa akamgeukia Chiriku, sauti imeshuka.

"Mpenzi, waambie hakuna tatizo. Nakuomba. Unajua ninavyokupenda."

Neno hilo lilimgusa, tusidanganyane. Miezi mitano alikuwa akilisubiri lisemwe kwa upole namna ile. Akamtazama, akavuta pumzi.

"Dada! Ingieni! Kanipiga!"

Ufunguo wa akiba ukazunguka, mlango ukasukumwa, stuli ikaanguka, na fundi nusura aifuate. Wakaingia wote watano, mmoja nywele zimesukwa nusu, mwingine mapovu ya sabuni mikononi. Waliacha kila kitu walichokuwa wakifanya.

"Dada, niruhusu kofi moja tu," yule wa mapovu akaomba. "La kumbukumbu."

"Acha! Ukimgusa, kesi itakuwa yetu. Chiriku, chukua vyeti na simu yako. Vyombo mwachie, apikie hasira zake."

"Ukivuka huo mlango, usirudi!" fundi akafoka.

"Amina," Chiriku akajibu, akavuka.

Nje alilia, kisha akashangaa kujiona anacheka, mdomo ule ule ukimuuma. Mzigo uliomtoka hakujua ulikuwa mzito kiasi kile. Walimpitisha zahanati, akasafishwa kidonda na kuandikiwa karatasi ya daktari. Kituo cha polisi ndicho alichokiogopa. Wakiuliza zamani alikuwa anafanya kazi gani, je? Si watamcheka?

Askari wa kike akainua kalamu, akawatazama wanawake sita mbele ya meza yake.

"Aliyepigwa ni nani?"

"Sisi!" wakajibu watano kwa pamoja.

Kalamu ikabaki hewani. Chiriku akasogea mbele.

"Kaeni, dada zangu," akasema. "Andika, afande. Ni mimi."