Wa Talaka na Mtoto

Asubuhi ile, ghorofa ya tatu ya jengo la mawakili haikuwa na pa kuweka unyayo. Mabenchi yalijaa, na waliokosa nafasi waliegemea ukuta, kila mmoja kakumbatia bahasha yake kama anayebembeleza mtoto mchanga. Simu zililia, viti viliburuzwa, mlango wa kioo ukawa haupumziki. Hapo ndipo mume na mke walipokutana, na hakuna kati yao aliyetegemea kumwona mwenzake.

Mume, fundi friji, alikaa mwisho wa benchi. Alivaa shati la buluu lililonyooka kama karatasi, suruali nyeusi, na viatu alivyovisugua mpaka vikang'aa. Shati lile mkewe ndiye aliyelipiga pasi alfajiri, akilinyunyizia maji kwa vidole huku akimwomba Mungu kimoyomoyo amfungulie mumewe mlango wa riziki, maana aliambiwa kuna usaili wa kazi. Dhambi haina harufu, lakini mwenye nayo huinusa. Tangu atoke nyumbani, kola ile ilikuwa inamkaba.

Mke akatokea kwenye ngazi. Gauni la maua ya manjano, kilemba cheupe, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni alikousahau. Mkononi alibeba joho jeusi la uwakili ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa fundi cherehani, na mawakili wa jengo lile walimpenda kwa sababu joho lake halivuti mabegani.

"Baba Kasuku?"

Mume aliinuka nusu, akakaa tena. "Ah! Mama! Wewe... hapa?"

"Mimi naleta joho la mama wakili. Wewe je? Usaili umehamia huku?"

"Hapana, ni... wana friji lao. Limekufa."

"Maskini! Limekufa, na daktari kaja hata bisibisi hana?"

"Nimekuja kuliangalia tu kwanza."

"Basi lina bahati friji hilo. Mimi siku ya posa ulinijia na fulana imetoboka kwapani."

Watu wa benchi wakacheka. Mkewe naye akacheka, akainama, akamtoa uzi begani, akamnyoosha kola. "Imepinda. Nani atakupa kazi na kola imepinda, laazizi?"

Neno lile lilimwingia mumewe kama sindano. Muda mrefu hakuwa ameitwa hivyo, na limekuja leo.

Katika ofisi ile wateja hawakuitwa kwa majina. Mama wakili alikuwa mtu wa siri. Alisema jina likitajwa mbele ya watu wengi, jioni limeshafika sokoni. Kwa hiyo karani, mwanamume mnene mwenye sauti ya mnadi, aliwaita watu kwa mashauri yao.

"Wa kiwanja!" Mzee mmoja akajikongoja akaingia, akatoka.

"Wa mirathi!" Dada wawili wasiosemeshana wakaingia, wakatoka hawasemeshani vilevile.

"Wa talaka na mtoto!"

Fundi friji hakusimama. Aliisukuma bahasha yake chini ya paja, maana alijua hilo ndilo jina lake leo. Na ajabu ni kwamba mkewe naye aligeuka kuelekea mlangoni, akapiga hatua moja kama mtu aliyeitwa. Kisha akasita.

"Wa talaka na mtoto! Kama hayupo nampa zamu mwingine!"

Mke akalitazama shati. Akavitazama viatu. Akaiona bahasha iliyobanwa chini ya paja. Kicheko kikamtoka usoni kama umeme uliokatika.

"Nenda, baba," alisema polepole. "Zamu ikipita hairudi."

"Mama Kasuku, nisikilize..."

"Nenda. Watu wanangoja."

Akaliweka joho mezani kwa karani, akashuka ngazi bila kugeuka nyuma.

Ndoa yao haikuvunjwa na tufani. Ilianza kulegea pale kampuni ya maghala ya barafu alikofanya kazi mume ilipofungwa, akabaki nyumbani. Mke akashona kwa ajili ya wote watatu, na hakulalamika. Ila siku moja mume alimsikia akimwambia mteja kwenye simu: "Mume? Yupo yupo tu." Akacheka. Kwake ulikuwa utani wa kazini. Kwa mume ulikuwa hukumu. Tangu siku hiyo akawa anakula kichwa chini, akiulizwa anajibu "ndiyo" na "hapana". Mke akaona huyu ana mwanamke nje. Mume akaona huyu moyo wake umeshahama. Na mahali palipo na kimya hapakosi mtu wa kupajaza maneno: dada mkubwa wa mume alimwambia, "Wahi mdogo wangu kabla hujawahiwa. Sema hamjali mtoto. Mahakamani neno hilo ndilo linalosikika."

Ndivyo alivyofanya asubuhi ile. Alipoingia kwa wakili hata kukaa hakukaa.

"Mke wangu hamjali mtoto nataka talaka na mtoto akae na mimi." Aliyasema kwa pumzi moja, kama mwanafunzi anayeogopa kusahau shairi.

Mama wakili, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, aliinua kiganja. "Taratibu, baba. Umekimbia mbele ya swali langu. Mimi kabla sijasikia kisa cha mtu, huuliza kwanza: mkeo ni nani?"

"Ni fundi cherehani. Ndiye aliyeleta joho lako sasa hivi."

Wakili akaweka kalamu chini. Akalitazama joho ambalo karani alikuwa ameshalitundika mlangoni, jipya, mshono wake haukwenda upande hata kidogo.

"Shauri lako siwezi kulishika."

"Kwa nini, mama?"

"Sababu siwezi kukupa. Na hayo uliyosema hayatavuka mlango huu. Ukitaka, wapo mawakili wengine wazuri, hata ghorofa hii hii."

"Lakini nimekosa nini?"

Mama wakili alivaa miwani, akamtazama kwa huruma. "Swali hilo, baba, lina mwenyewe wa kulijibu. Si mimi."

Mume alikaa katikati ya ngazi mpaka adhuhuri, ndipo alipoikumbuka ile hatua ya mkewe. Karani alipoita "wa talaka na mtoto", mkewe aligeuka. Hakuna anayeitikia jina ambalo hajawahi kuitwa. Akashika reli, akainuka, akatoa simu.

"Haloo." Nyuma ya sauti cherehani kilikuwa kinakimbia.

"Ulinitangulia."

Cherehani kikazima.

"Nilikutangulia," alisema mke. "Mwezi uliopita."

"Ukanipigia pasi, ukaniita laazizi, kumbe umeshaniandalia wakili?"

"Na wewe ukaivaa hiyo pasi ukaenda kunishtaki nayo! Kati yetu nani mwenye uso?"

"Ulimwambia nini juu yangu?"

"Wewe umemwambia nini juu yangu?"

  Kisha, kwa mbali, kengele ya shule ya jirani na duka la mke ikalia, na wote wawili wakawaza jambo moja: akiwahi mwenzangu kumchukua mtoto, je? Simu ikakatwa, na hawakujua ni nani aliyeikata.

Mke alishikwa kwanza na mteja aliyetaka kulipa, kisha akatoka mbio, kandambili moja ikimkatikia njiani. Mume alishuka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri. Wakafika langoni mwa shule pamoja, wanahema.

"Leo wote wawili!" mwalimu aliwapokea. "Kuna sherehe?"

Wakacheka kicheko cha mtu mwenye jino bovu.

Binti yao alikuja anaruka, mkoba ukimpiga mgongoni. Jina la Kasuku walimpa wao, kwa sababu lolote linalosemwa mbele yake hulirudia kwa majirani neno kwa neno. "Baba! Umepata kazi? Mama alisema tukuombee. Mimi niliomba mpaka darasani, mwalimu akanitolea jicho!"

Mume alichuchumaa. Alitamani ardhi imfunike. "Sijapata, mwanangu."

"Basi kesho vaa shati hilo hilo. Mama atalipiga tena pasi."

Wakarudi nyumbani, mtoto katikati, mkono mmoja kwa baba na mmoja kwa mama, na hakuna aliyekubali kuuachia. Mbele ya Kasuku hawakuweza kusema kitu. Mpaka alipowaona wenzake wakiruka kamba kwa jirani akachomoka, ndipo wakabaki wenyewe.

"Nilisema humjali mtoto," mume alisema.

"Nani?"

"Mimi. Kwa wakili. Nilisema wewe humjali."

Mke alisimama. "Mimi? Niliyekesha naye homa ilipompanda, wewe ukamshikia beseni, mimi nikamshikia kichwa? Mimi simjali?"

"Nilijua si kweli nilipokuwa nalisema."

"Basi ndiyo mbaya zaidi," akasema mke, akaingia dukani kwake, chumba cha mbele cha nyumba yao, ambako wateja walishaanza kumngoja.

Akashika mkasi. Lakini alikata kando ya mstari wa chaki, na si kwa hasira tu. Alipokwenda yeye kwa wakili, hakumsingizia mume lolote. Alitaka talaka, akauliza kitu kimoja: kama anaweza kumpeleka mtoto mbali, kwa bibi yake mzaa mama, baba yake asimwone tena. Mama wakili alimjibu kwa swali, "Na mtoto huyo amekukosea nini?" Alitoka pale, na hakurudi tena ila na joho. Swali lile alikuwa akilala nalo, akiamka nalo, akilishona ndani ya kila pindo. Na lile la "yupo yupo tu" nalo Mungu alilisikia.

Mlango ukasukumwa. Mumewe akaingia, shati la buluu limelowa jasho, akasimama mbele ya wateja kama mgeni.

Mke alikuwa na pini midomoni. Akazitoa. "Wewe wa nini?"

"Wa msamaha."

Mama aliyekuja kupimwa sare akaangua kicheko. "Shemeji bwana!"

"Foleni ile pale," mke alisema, bila kucheka. "Kaa zamu yako ifike."

Akakaa. Akapita mama wa sare. Akapita bibi harusi aliyetaka kiuno kibanwe zaidi, akaambiwa ataolewa bila kupumua. Akapita mzee wa suruali ya kupunguzwa. Watu wengine wakaja baada yake, naye akawapisha wote, mikono juu ya magoti, asiiguse simu hata mara moja. Mke alikuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho kila alipokata uzi. Mtu aliye yupo yupo tu, aliwaza, hangekaa hivi.

Mteja wa mwisho akaondoka. Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti, na kutoka kwa jirani sauti ya Kasuku ilisikika ikihesabu kamba.

"Wa msamaha!" mke akaita.

Mume akasimama. Na mke naye, nyuma ya cherehani, akasukuma kiti, akasimama.

Wakatazamana.

"Mbona na wewe?" mume aliuliza.

"Kaa, laazizi," mke akasema, machozi yakimtangulia. "Shauri langu ni zito kuliko lako. Acha nianze mimi."