Roboti Lililokubali Jina la Yoramu

Wanaosema mashetani huogopa jua hawajawahi kuishi Miyuji. La Debora lilikuja saa saba mchana, kuku wanahema kivulini, na lilianza na jambo dogo tu: gari jekundu aliloliacha juu ya magurudumu yake manne alilikuta limesimama kwa miguu miwili, uso limeugeuzia ukuta.

Debora alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali, mjane, hana mtoto, na mtaa mzima ulijua mshahara wake unaishia wapi. Wenzake walinunua vitenge. Yeye alinunua maroboti ya kuchezea, yale ambayo gari ukilikunja hapa na kulivuta pale linakuwa mtu mwenye kichwa na ngumi. Tena si yale yaliyojaa madukani tangu biashara ziruhusiwe. Yake yalitengenezwa yauzwe Japani peke yake. Masudi dereva, aliyekuwa akienda bandarini Dar kuchukua magari yaliyotumika, aliyaokota chini ya viti, na mengine aliwaagiza mabaharia. "Hili hata Ulaya hawana, dada Debora," alikuwa akisema, na Debora akilegea kama mwari anayeposwa.

Aliyapanga kumi na tisa ndani ya kabati la marehemu mumewe. Kabati hilo nalo lina habari yake. Yoramu, mtu wa reli, alitembea na ufunguo wake kiunoni miaka kumi na sita. Debora akitaka sukari ya chai apige goti aombe. Asipoomba vizuri, kofi. Siku ya tatu baada ya mazishi watu walimsengenya kwamba halii vya kutosha. Kumbe alikuwa anamtafuta fundi wa kuvunja kufuli! Tangu siku hiyo kabati halikufungwa tena.

La ishirini likaja Jumamosi iliyofuata kioja cha lile jekundu: treni ya buluu. Alipolikunja likawa mtu, likaanza kulia, mlio mwembamba kama wa kichanga. Akalibonyeza kila mahali. Akatoa betri. Likalia tu. Joha, jirani yake kutoka Kondoa, akaja mbio, unga bado umemganda mikononi.

"Shoga, umezaa?"

Debora akacheka. Kwao Haneti, mtoto akilia bila kukoma bibi zake walimtajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina atakalonyamazia ndilo lake. "Labda linataka jina," akasema, akalipakata. "Wewe ni bibi Zipora? Babu Petro? Shangazi Anna?" Likazidi. "Au ni Yoramu?"

Kimya.

"Debora," Joha akanong'ona, "hizo betri mbona unazo mkononi?"

Tangu hapo, kila siku ikifika saa saba, nyumba ilinuka ugoro na mafuta ya taa ya reli. Maroboti yote yaligeukia ukutani, isipokuwa la buluu. Na Debora akirudi kutoka ofisini kula chakula chake alisikia ufunguo ukigongana na mkanda, ukitoka chumbani, ukipita ukumbini, ukisimama nyuma ya kiti chake huku tonge likimkauka mkononi, na pumzi ya mtu mzima, nzito, yenye ugoro, ikimpitia shingoni polepole kama zamani alipokuwa akihesabiwa vijiko vya sukari.

Joha akamleta Mzee Abeli mganga. Akanusa, akazunguka, akatema mate pembeni.

"Yote yatoke humu, mwanangu. Nitayabeba nikayateketeze kwangu."

"Yachome hapa hapa uani, mzee, niyaone."

Mganga akakohoa. "Moto wa hapa hauna nguvu."

"Na jicho lako lina nguvu gani, mbona halitoki kwenye lile jekundu? Shikamoo mzee, kwaheri."

"Umemfukuza mganga!" Joha akashika kichwa. "Sasa utabaki na nani?"

"Na kabati langu."

Kesho yake saa saba upepo wa vumbi ukainuka uwanjani, ukawa nguzo nyekundu, ukaja mpaka mlangoni ukasimama ukizunguka, madirisha yakatetemeka, mlango wa kabati ukaanza kufungika na kufunguka, kufungika na kufunguka, na ndani, kutoka kifua cha lile la buluu, ikatoka sauti ambayo Debora aliizika kwa mikono yake mwenyewe:

"Nani amekuruhusu kufungua kabati langu? Piga goti."

Magoti yakaanza kukunjika yenyewe, maana miaka kumi na sita si mchezo. Joha mlangoni alikuwa akisoma kila dua aliyoijua. Goti moja lilikuwa limebakiza shubiri kugusa sakafu pale Debora alipokumbuka jambo, akainuka, akajifunga khanga kiunoni.

"Jina hilo nani kakupa?"

Vumbi linazunguka.

"Nimekupa mimi! Nimekupakata, nimekutajia, ukanyamaza mwenyewe. Basi wewe si mume wa mtu humu, wewe ni mtoto, na mama yako ndiye mimi. Toka lini mtoto akampigisha mama yake goti? Shikamoo yangu iko wapi?"

Kabati likapiga kishindo. Roboti moja likaanguka, likavunjika mkono. Debora akaliokota, akalifuta vumbi kwa upindo wa khanga, hakurudi nyuma hata hatua.

"Nasubiri. Huna adabu? Shikamoo!"

Upepo ukalia kama mtu anayeng'olewa jino, ukageuka, ukaondoka kuelekea Ihumwa, kule reli inakopita. Ugoro ukaisha puani.

"Ameenda," Joha akasema, akakaa chini palepale.

"Alivyokuwa na kiburi yule? Bora afe mara ya pili kuliko kuniamkia."

Wiki ikapita salama. Jumapili Debora alirudi kutoka kanisani, akachemsha chai, akatia vijiko vinne vya sukari, vilivyojaa. Hakuwa ameonja bado. Nyuma yake, kabatini, kitu kidogo kikakunjuka, kri, kri, kri, na sauti nene, ya chini, ya mtu aliyemeza aibu kwa wiki nzima, ikasema:

"Shikamoo, mama."

Nywele zilimsimama, ndiyo. Hakugeuka. Alikoroga chai yake mpaka sukari ikayeyuka yote.

"Marahaba," akasema. "Rudi kwenye mstari."

Na likarudi, alilisikia likitembea.