Ufunguo wa Kanisa la Villargeau

"Hatusimami hapa, Solène! Nimeshasema!"

Gaëtan alifoka bila hata kugeuza shingo, akakanyaga pedeli na kunirushia changarawe usoni. Nami nikakaza. Mlima wa kuingia Villargeau si mrefu, ila mawe yake yamelegea, ukizembea kidogo gurudumu la nyuma linateleza. Siku hiyo hasira ndiyo iliyokuwa inanipandisha, wala si miguu. Nikampita pale kwenye bwawa la zamani la kufulia nguo, nikamkatia mbele, nikasimama katikati ya njia.

"Una wazimu? Ningekugonga!"

"Gonga basi. Tangu asubuhi unaniahidi tutafika kanisani. Tumefika, unataka kukimbia. Unakimbia nini?"

"Sikimbii kitu. Mvua inakuja."

Mvua gani? Anga lilikuwa safi, ng'ombe wamelala kwenye malisho wakitutazama kama watu waliokuja kuangalia ugomvi.

Jumamosi ya wiki ile tulikuwa tunafunga ndoa. Mimi nilimwomba mchumba wangu jambo moja tu: kabla ya siku hiyo, tuendeshe baiskeli mpaka Villargeau, tuingie wawili kwenye kanisa dogo walilofungia ndoa wazazi wangu. Baba alifariki majira ya baridi yaliyopita. Sikuomba pete nyingine, sikuomba fungate Venisi. Niliomba aingie nami mlango ule, basi.

"Halafu kanisa lenyewe limefungwa," Gaëtan akasema.

"Umejuaje? Si uliniambia hujawahi kufika huku?"

Akajikuna shingo chini ya mkanda wa helmeti.

"Makanisa yote ya vijijini yanafungwa, Solène. Hiyo inajulikana."

"Na inajulikana pia kwamba ufunguo unakaa nyumba ya jirani. Unagonga, unaomba, unafungua, unarudisha. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni wewe na mawe yako ya kale! Jana abasia ya watawa. Leo asubuhi daraja la Warumi. Halafu ile ngome yenye ukuta mmoja, tukakaa nusu saa tunatazama ukuta mmoja! Hivi mimi naoa mwanamke au naoa jumba la makumbusho?"

Iliniuma. Kabla sijamjibu, simu ikalia kwenye mfuko wa mgongoni. Ujumbe wa Capucine, rafiki yangu wa klabu ya baiskeli, shahidi wangu wa ndoa, ambaye gauni langu lilikuwa linaning'inia kabatini kwake ili Gaëtan asilione.

"Mmefika wapi wapendwa? Usimchoshe bwana harusi, Jumamosi tunamtaka mzima mzima."

Nikarudisha simu mfukoni. Nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kanisa, nikavuka njia, nikagonga mlango wa nyumba yenye madirisha ya buluu.

"Solène, rudi! Solène!"

Alitoka bibi mfupi, aproni imekaza tumbo, mkono wa kulia kisu, wa kushoto vitunguu vya majani.

"Habari za mchana, bibi. Samahani kwa usumbufu. Naomba ufunguo wa kanisa."

"Ufunguo?" Akanitazama kama niliyemwomba figo. "Unaniomba mimi ufunguo? Muombe huyo nyuma yako!"

Nikageuka. Gaëtan alikuwa amevaa miwani ya jua na kushusha helmeti mpaka kwenye nyusi.

"Vua hiyo miwani!" bibi akamfokea. "Unadhani nitakusahau, na helmeti lako la kijani kama chura? Ufunguo wangu uko wapi?"

"Mama, nadhani umenifananisha," Gaëtan akasema, kwa ile sauti yake laini ya kuuzia bima.

"Nimekufananisha! Umekunywa kahawa kwenye kikombe changu! Mkeo kala keki yangu ya plamu, akaomba kipande kingine, nikampa!"

"Mkewe?" nikauliza.

"Si yule mwenye nywele nyekundu. Wamekuja hapa mwezi wa saba, wameshikana mikono kama watoto wa shule. Huyu bwana akaniambia wazazi wa mke wake walifunga ndoa humu ndani, na baba mtu kafariki, binti anataka kupaona. Mimi Thévenot, mjinga mkubwa, nikatoa machozi! Nikawaachia ufunguo wakae kwa raha zao, nikaenda kulisha kuku. Narudi, hawapo. Mlango umefungwa, ufunguo hakuna!"

Masikio yangu yalianza kuvuma. Katika watu wote niliowajua, mwenye nywele nyekundu alikuwa mmoja tu.

"Siku ya mtakatifu wetu," Bi. Thévenot akaendelea, kisu kinapunga hewani, "padri kasomea misa ngazini, mvua inamnyeshea! Ufunguo mwingine haupo. Fundi kaja, karudi. Mlango ni urithi wa taifa, hata skurubu haing'olewi bila kibali cha mkoani. Kijiji kizima kiko nje ya kanisa lake, tunasubiri kibali!"

"Solène," Gaëtan akanishika kiwiko, "twende. Huyu kizee kachanganyikiwa."

"Kizee?" Bi. Thévenot akashuka ngazi.

Nikautoa mkono wake kwenye kiwiko changu. Nilitaka kupiga kelele mpaka kengele ya kanisa ijibu. Badala yake nikachukua simu, nikampigia Capucine, nikaweka sauti ya nje. Gaëtan akafungua mdomo. Bi. Thévenot akamwelekezea kisu puani.

"Wewe nyamaza. Mwenzio anaongea na simu."

"Haloo mpenzi!" Capucine akapokea kwa furaha.

"Capu, mambo. Tuko Villargeau. Gaëtan kanieleza yote kuhusu ufunguo, anasema umebaki kwako."

"Aa, lile lichuma likubwa! Jamani, lipo, liko kwenye mkoba wa usukani wangu, nimesahau kabisa. Mwambie nita..."

Akakatiza maneno.

"Solène? Kakueleza... yote?"

"Nieleze wewe. Napenda kusikia kwako."

Nilisikia mashine ya kahawa ya ofisini kwao ikinguruma.

"Ilikuwa mara moja tu," Capucine akasema kwa sauti ndogo.

"Iliisha tangu mwezi wa saba!" Gaëtan akapaza sauti, wote wawili kwa pamoja.

"Chagueni moja," nikasema. "Ilikuwa mara moja, au iliisha mwezi wa saba? Maana kitu cha mara moja hakihitaji kuisha."

"Solène, tafadhali, naomba nikueleze..."

"Gauni langu liko kabatini kwako, Capu. Ulinifunga vifungo vyote vya mgongoni. Ukanisogeza mbele ya kioo ukasema atalia akiniona. Ulipokuwa unasema hivyo, ulikuwa umetoka kulala naye lini?"

Akaanza kulia. Machozi yake yalizidi kunipandisha hasira.

"Lia ukiwa njiani. Lete ufunguo sasa hivi."

"Niko kazini..."

"Basi nakuja kuuchukua mimi, hapo hapo kazini, mbele ya watu wote, na nitawaeleza nimeufuata kwa nini."

"Nakuja. Nakuja."

Kukata simu, nikamwona Gaëtan anavuta baiskeli yake taratibu kuelekea mteremkoni. Mwanaume mzima, ananyata! Nikamfikia kwa hatua kubwa, nikapiga magoti, nikafungua mhimili wa mbele, nikalichomoa gurudumu. Uma wa baiskeli ukadunda chini.

"Unafanya nini? Hiyo baiskeli ni ya kaboni!"

"Bi. Thévenot, chukua dhamana yako. Ufunguo ukirudi, gurudumu litarudi."

Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akalizungusha kidogo kuona linavyokwenda, akaenda kulifungia ndani ya banda la kuku. Kuku walilalamika sana.

Tukabaki njiani, mimi nimesimama, yeye amekaa kwenye ukuta mfupi na baiskeli yake ya tairi moja.

"Nilikuwa na hofu, Solène. Ndoa ni kitu kikubwa. Nilichanganyikiwa."

"Mtu mwenye hofu anampigia mama yake. Hambebi shahidi wa mchumba wake."

"Nakupenda wewe. Yule hakuwa kitu."

"Usinitukanie rafiki yangu. Nitamtukana mwenyewe akifika."

"Niambie nifanye nini. Nitafanya chochote."

Nilimtazama. Nilikuwa nimempenda yule mtu, na ndiyo maana nilitaka kumpiga na pampu.

"Nijibu kitu kimoja. Makanisa yamejaa Ufaransa nzima, Gaëtan. Hoteli pia ziko tele. Kwa nini ulimleta hapa? Kwa nini ukamsimulia huyu bibi habari za baba yangu, ukazifanya zake?"

Aling'oa kwa kucha ukoga wa kijani kwenye ukuta.

"Kwa sababu wewe ukisimulia, watu wote wanakusikiliza," akasema. "Kwetu hakuna hadithi kama hiyo. Baba na mama waliachana, sijui hata kama waliwahi kupendana. Nilitaka siku moja na mimi niwe mtu wa kusimulia jambo kama lile. Na Capu alinisikiliza."

Hapo ndipo nililia. Alisema kweli, na ile kweli ilikuwa mbaya kuliko uongo wote wa mwanzo. Alikwenda kwa mwanamke mwingine akiwa amevaa msiba wangu, na ukampendeza.

"Ungeniomba, ningekugawia," nikamwambia. "Nilikuwa nakuleta hapa leo ili nikugawie, mpumbavu wewe!"

Nikafuta uso kwa glavu, nikampigia meya wa kijijini kwetu. Ofisi yake hufunguliwa Jumanne na Ijumaa tu, siku nyingine yuko shambani. Alipokea, trekta linanguruma nyuma.

"Bwana Corbier, ni Solène Vautrin. Ndoa ya Jumamosi, ifute."

"Niifanyeje?"

"Ifute!"

Trekta likazimwa.

"Binti, nimeshapiga pasi ule mkanda wangu wa umeya wa rangi za taifa. Kuna sababu?"

"Ipo. Imekaa ukutani hapa, haina gurudumu la mbele."

"Solène, usifanye hivyo!" Gaëtan akaruka. "Bwana meya, ana hasira tu, usimsikilize!"

"Huyo ndiye bwana harusi?" meya akauliza.

"Alikuwa."

"Nimekuelewa. Pole, mwanangu. Nimefuta." Trekta likawaka tena.

Gaëtan alikaa chini changaraweni. Nadhani mpaka dakika ile alidhani ataongea, atalia kidogo, nitakasirika, tutarudi nyumbani tukale. Alizoea hivyo, na mimi ndiye niliyemzoesha.

Capucine alifika na gari lake dogo, macho yamevimba. Alitoka ameshika ufunguo mikononi, mrefu kama kiganja changu, mweusi, mzito. Alinyoosha kunipa mimi.

"Mwenyewe ni yule," nikamwambia.

Bi. Thévenot aliupokea, akaukagua meno, akaupangusa kwenye aproni.

"Keki yangu ulikula vipande viwili," akamwambia Capucine. "Viwili!"

"Solène, nisamehe. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Wewe ni dada yangu."

"Sina dada, Capu. Ndiyo maana nilikuchagua wewe."

Alifunika uso. Nilitaka kusema mengine, niliyapanga nusu saa nzima, mengine ya matusi kabisa. Nikayaacha, si kwa huruma. Sikuwa tena na haja ya kumpa maneno yangu.

Gurudumu likatolewa bandani, lina manyoya na uchafu wa kuku. Gaëtan akalipokea hivyo hivyo.

"Tuingie ndani sote watatu," akaomba. "Tukae, tuongee kama watu wazima."

"Wewe utaongelea barabarani," Bi. Thévenot akamjibu. "Humu umeshaingia."

Akachomeka ufunguo. Aliuzungusha kwa mikono miwili, mlango ukalia, harufu ya unyevu na nta ikatoka. Nikaingia nyuma yake, akaufunga. Nje milango miwili ya gari ilifungwa, gari likawaka, likazimika, likawaka tena. Sikuchungulia.

Ndani palikuwa padogo kuliko nilivyosimuliwa. Ukutani watakatifu waliochorwa karne nyingi zilizopita, nusu yao wamefutika nyuso. Nikasimama mbele ya altare na viatu vyangu vya baiskeli vinavyogonga sakafu, nikampigia mama.

"Mama, harusi hakuna tena."

Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Uko wapi?"

"Villargeau. Ndani ya kanisa."

Tangu tumzike baba, mama hakutaka hata jina la kijiji kile litajwe mezani.

"Uko na nani?"

"Na bibi wa ufunguo. Gaëtan kaondoka na Capu."

"Na Capu? Capu wetu?"

"Capu wetu."

"Gauni si liko kwa Capu?"

"Liko, mama."

Nikasikia droo inafunguliwa kwa nguvu, funguo za gari zinaparuzwa juu ya meza.

"Mwambie huyo bibi asifunge," mama akasema. "Napitia gauni kwanza. Atafungua kabati lake nikiwa nimesimama hapo hapo, na nina maneno yangu ya kumwambia. Halafu nakuja huko. Usitoke humo ndani mpaka nifike."

"Utaingia?"

"Baba yako alinisubiri hapo siku ya harusi yetu, baiskeli ina pancha na suruali imejaa matope. Nitaingia."

Nikamwambia Bi. Thévenot mama yangu anakuja. Akasema basi anakwenda kuchemsha kahawa, na akaniachia ufunguo.