Mstari Kwenye Lami

Rafiki yangu mmoja, fundi saa, alitumia likizo kupanda kwa baiskeli ule mlima maarufu aliotaka kuupanda na mdogo wake. Mwaka uliotangulia, mazoezini, mdogo wake alipiga kengele mara mbili, ishara yao ya kuomba kungojwa. Yeye akacheka, “Kazana, konokono wewe!” akaenda zake. Nyuma, moyo wa mdogo wake ukasimama, akafa papo hapo.

Sasa, karibu na kilele, rafiki yangu aliingia kwenye handaki la barabara lenye giza totoro, maji yakidondoka. Nyuma yake kengele ikalia mara mbili. Safari hii alishuka upesi.

“Nakungoja, mdogo wangu. Nisamehe.”

Mlio wa tairi ukampita ubavuni.

Nje, juani, lami ilikuwa kavu. Mbele yake mstari wa tairi lenye maji ulikuwa ukijichora, ukipanda. Akapiga kengele mara mbili. Mstari haukungoja.