Karamu ya Kivumbasi

Enzi hizo reli hakuna aliyeiota, na mtu wa Pangani aliyetaka nta na asali ya milimani alizifuata kwa miguu yake, na wapagazi wamejitwika vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba. Kwa kawaida mtu huyo alikuwa mwanamume mwenye ndevu na makelele mengi. Mize binti Shale hakuwa na ndevu, na makelele hakuyapenda, lakini kila mwaka msafara wake ulirudi salama, hata wenye ndevu wakachoka kuulizana anafanyaje.

Mwaka huu mambo yalikwenda kombo. Walipofika kwenye kivuko cha mto, chini ya milima, watu wa Ngarura waliwatokea kutoka ndani ya matete. Ngarura alikuwa mtu wa kuja. Aliingia nchi ile na wenzake wachache wenye bunduki za gumegume, akawatisha vijana wa vilima vya jirani mpaka wakamshikia mikuki, na kazi yake ikawa kukamata watu na kuwateremsha pwani kuwauza. Mize aliwahi kupanda mlima na wapagazi waliosalia, shuka imemchanika, upanga wa marehemu baba yake ungali mkononi. Mdogo wake, Mbaruku, hakuwahi. Mize aligeuka akamwona akitiwa kongwa la mti shingoni, na hakuweza kurudi. Siku ya kuagana mama yao hakusema mengi. Alimshika Mize mkono, akamwambia, "Mrudishe."

Kijiji cha Kwembago kilikuwa kileleni, nyumba za msonge zimebanana ndani ya ua wa miti ya miiba. Kuanzia langoni hadi bondeni mteremko wote ulikuwa kivumbasi kitupu, kimechanua zambarau hafifu, na harufu yake ilimfikia hata mtu anayekimbia kuokoa roho yake. Msimu wa maua hapakupigwa ngoma wala kelele, kwa kuwa wenyeji waliamini nyuki huhama nyumba ya fujo. Mke na mume waliokosana waligombana kwa kunong'ona, jambo ambalo ningependa sana kuliona kwa macho yangu.

Langoni alisimama mkuu wa kijiji, Shekonde, mtu mfupi mwenye kitambi na ngozi ya mbega begani, pamoja na mkewe Mamkunga. Mkononi Mamkunga alikuwa na kipande cha sega la asali kilichobanwa kwa kijitawi cha kivumbasi. Alikiinua hadi midomoni mwa mgeni.

"Ahsante, mama, nitakula baadaye," Mize alisema, akihema. "Ndugu yangu yuko mikononi mwa adui. Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa," Mamkunga alinong'ona. "Fungua mdomo, mwanangu."

Mize alifungua. Asali ilikuwa na ukali mdogo wa jani, ikamshuka pamoja na machozi aliyokuwa ameyazuia njia nzima.

"Sasa wewe ni wetu," Shekonde alimweleza. "Ukilishwa sega na kivumbasi kwa mkono wa mwenye nyumba, basi hatukupigi na wewe hutupigi, hatukutoi kwa mtu na wewe hututoi, mpaka maua ya mwakani. Milima hii yote inalijua hilo, na hakuna aliyewahi kulivunja."

Asubuhi yake Ngarura alipiga kambi chini ya mteremko. Alijivika joho jekundu lenye nyuzi za dhahabu, pengine la mtu aliyemuua, akamtuma mjumbe langoni.

"Bwana wangu anamtaka yule mwanamke na mizigo yake," mjumbe alisema. "Tena anataka wakuu wa Kwembago washuke na wake zao, wamlishe yeye na askari wake kwa mikono yao, kama mama anavyomlisha mtoto, ili kila kilima kisikie kwamba mmemtumikia. Mkikataa, atautia moto mlima wote."

Baraza likakaa. Mize alikuwa wa kwanza kusema.

"Baba Shekonde, nishusheni. Nitamwomba anichukue mimi, amwache Mbaruku."

"Hatukutoi. Nimekwambia jana."

"Atawachoma moto!"

"Basi tutachomwa," alisema Shekonde, kwa sauti ya mtu ambaye hakulifurahia hata kidogo jibu lake mwenyewe.

Mize alitazama kambi kule chini, ambako Mbaruku na mateka wengine walikuwa wamefungwa. Zaidi ya wale wenye bunduki, waliobaki walikuwa vijana wenye ngao za ngozi ya nyati, wamekonda, wamejiinamia.

"Hawa wenye mikuki ni watoto wa nani, baba?"

"Wa milima hii. Yule mrefu pale ni Mntangi, mpwa wa mke wangu. Alichukuliwa kwa nguvu."

"Alishawahi kulishwa hapa?"

"Nani amlishe? Alikuwa mdogo, na tangu achukuliwe hajafika langoni."

"Ngarura mwenyewe ameomba walishwe," Mize alisema polepole. "Na walishwe na nani? Na ninyi, kwa mikono yenu."

Baraza zima lilimgeukia. Kisha wazee wakaanza kubishana kwa minong'ono mikali. Kumlisha adui! Mgeni ni yule anayepanda mwenyewe hadi langoni. Zaidi ya hapo, ukishamlisha mtu huwezi kumwinulia mkuki, kwa hiyo Kwembago nzima ingelazimika kushuka mikono mitupu. Na kama wale vijana wangekula, kisha wapige?

"Wakitupiga baada ya kula," alisema Mamkunga, "basi milima hii imekwisha, na mimi sitaki kubaki ndani yake." Akainuka, akaanza kukata vijitawi.

Mize aliuacha upanga wa baba yake ukutani. Alijua kwamba kama amekosea, Mbaruku atauzwa na watu hawa wote watakuwa majivu kwa ushauri wake.

Wakateremka kati ya maua, wanawake, Mize akiwamo, wamebeba masega juu ya vyano vya mbao, wanaume nyuma yao bila hata fimbo. Ngarura alicheka mpaka joho likamteleza begani. Akaachama kinywa kabla hajaambiwa, na Shekonde akakitilia sega lililoshonana na kivumbasi.

"Tamu!" Ngarura alisema. "Walisheni na hawa mbwa wangu wenye mikuki."

Mamkunga alikwenda moja kwa moja kwa Mntangi. Kijana aliliona jani, na uso ukambadilika.

"Mama mdogo," alisema kwa sauti ya chini, "unajua unalolifanya?"

"Najua. Na wewe unajua?"

Mntangi alitazama bunduki, akatazama joho jekundu. Kisha akapiga magoti, akafungua kinywa. Wa pili akapiga magoti, na wa tatu, na safu nzima ikafuata. Wengine walilia huku wanatafuna, kwani tangu watoke kwao hakuna mkono wa mama uliowagusa.

Ngarura alijifuta midomo. "Haya, mwanamke nimempata, tumbo limeshiba. Pandeni mkakichome kijiji!"

Hakuna aliyejongea.

"Hamnisikii?"

Mntangi aligeuza mkuki wake, akauchomeka ardhini kwa ncha. Mikuki ikafuatana kuchomekwa, mlio wake ukaenea bondeni. Ngarura akanyakua bunduki na kumwelekezea Mize kifuani. Kabla hajafyatua, vijana wenye ngao walikuwa wamesimama kati yao, ngao kwa ngao, na mtutu ukagusa ngozi ya nyati.

"Umekula," Mntangi alimwambia. "Huwezi kumpiga mtu wa nyumba iliyokulisha. Nasi hatuwezi kukuua, kwa sababu tumelishwa chano kimoja. Shukuru hilo, kisha uende zako."

Wenzake wa bunduki walihesabu ngao kwa macho, wakaziweka silaha zao chini kwa adabu kubwa. Ngarura aliondoka kwa miguu, bila joho, na hakuonekana tena nchi ile. Mize hakumtazama akienda. Alikuwa ameshamfikia Mbaruku, anakata kamba za kongwa kwa kisu alichopewa na Mntangi, anakata na kulia na kumgombeza ndugu yake kwa kutokimbia upesi. Mateka wote walifunguliwa. Siku hiyo Kwembago walivunja mwiko, wakapiga vigelegele katikati ya maua, na nyuki hawakuhama.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa njia nyingi. Pangani walidai Mize alimkata Ngarura kwa upanga wa Shale. Vilimani walimtukuza Mntangi, na baadhi yao Mamkunga. Mbaruku alizeeka akifanya biashara ya nta, na kila alipoulizwa ni nani hasa aliyeshinda, alifungua ukosi wa kanzu yake, akaonyesha shingo.

"Hapa hapana kongwa," alikuwa akisema. "Mimi nilirudishwa kwa mama yangu."